Khabari Isiyo na Mwenyewe

Kijana mmoja katika darasa yetu alituuliza baada ya somo la usiku: "Sheikh, uchaguzi waja, na simu zetu zimekwisha anza kujaa maneno. Huyu aleta sauti ya waziri, yule aleta picha ya nyumba iwakayo moto, na kila mmoja asema: peleka mbele kabla haijafutwa. Sisi si watu wa siasa. Yatupasa kufanya nini?"

Tulimjibu maneno machache usiku ule, kwani saa ilikuwa imekwenda. Lakini swali lake ni kubwa kuliko jawabu la dakika tano, na kwa hivyo tumeona tuliandikie somo hili, ili asome yeye na wasome wengine ambao swali hilo limo vifuani mwao wala hawajaliuliza.

Mfano wa somo letu ni nchi ya Kericho na Bomet, nchi ya chai. Msomaji wa Mvita au Lamu au Malindi asiharakie kusema: "Kericho yanihusu nini mimi?" Kwanza, chai aliyoinywa asubuhi yatoka huko, na mnada wake ni hapa hapa Mombasa. Pili, yaliyowafika watu wa huko kwa sababu ya maneno yalitufika na sisi Likoni mwaka 1997. Na tatu, mtu huiona kasoro ya nyumba ya jirani kwa jicho kali zaidi kuliko aionavyo ya nyumba yake. Basi na tuitazame ya jirani kwanza, kisha turudi kwetu.

UWONGO HUJENGWA JUU YA MSINGI WA KWELI

Wengi wetu twadhani kwamba uzushi ni uwongo mtupu, na kwamba mtu mwenye akili ataujua mara moja. Lau ingekuwa hivyo, uzushi usingemdhuru mtu. Uzushi wenye nguvu ni ule uliochanganywa na kweli, kama maziwa yaliyotiwa maji: rangi ni ya maziwa, na mnunuzi hajui mpaka ayapeleke jikoni.

Itazame nchi ya chai. Nchi ile ni ya milima yenye baridi na mvua za mwaka mzima, na wenyeji wake ni Wakipsigis. Serikali ya kikoloni iliwanyang'anya sehemu kubwa ya ardhi yao, na tangu miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakapanda chai juu yake. Ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa dini na wa shauri katika watu hao, ulihamishwa kwa nguvu kuanzia mwaka 1934, ukapelekwa Gwassi karibu na ziwa, mahali pa joto na maradhi, na haukurudishwa mpaka uhuru ulipokaribia. Kisha makampuni yakahitaji mikono ya kuchuma majani, wakaja watu wa Kisii, na Wajaluo, na Waluhya, wakapewa nyumba za kambini, wakazaa na kulea huko, na wengine wakanunua mashamba mipakani kwa pesa zao za halali.

Haya yote ni kweli. Mkipsigis aliyenyang'anywa ana haki ya kulia, na Mkisii aliyekuja kuchuma chai hakumnyang'anya mtu kitu. Mnyang'anyi alikuwa mwingine, naye alikwisha panda meli akaenda zake. Lakini mwanasiasa mwenye hila hukitwaa kilio cha yule wa kwanza akakigeuza kikawa hasira juu ya yule wa pili. Haongezi ila neno moja tu katika kweli yote ile, nalo ni hili: "Aliyekudhulumu ni huyu jirani yako." Neno hilo moja ndilo uwongo, na lililobaki lote ni kweli; na kwa kuwa lililobaki ni kweli, watu hulimeza na hilo pia.

MANENO YALIVYOGEUKA MOTO

Mwezi wa Septemba 1991, Kenya ilipokuwa ikidai vyama vingi, palifanywa mikutano ya wakubwa wa siasa katika Bonde la Ufa, mmoja Kapsabet na mwingine Kapkatet, katika hiyo hiyo nchi ya chai. Huko walitajwa waziwazi watu wa makabila mengine kuwa ni wageni, na kwamba mgeni asiyefuata siasa ya wenyeji na aondoke. Mwezi uliofuata mapigano yakaanza Tinderet, na kabla mwaka 1992 haujaisha yalikuwa yamekwisha enea mpaka Kipkelion, na Londiani, na mpaka wa Sotik. Bunge liliteua kamati ya kuchunguza, na mwenyekiti wake alikuwa Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, mji wetu huu. Kamati hiyo ilisema mapigano yale yalikuwa na mkono wa wanasiasa, wala hayakuwa ugomvi wa kabila na kabila uliozuka wenyewe. Ripoti yake Bunge halikuipitisha.

Twaomba msomaji aizingatie tarehe hiyo. Mwaka 1991 hapakuwa na simu za mkononi wala intaneti katika vijiji vya Kericho. Palikuwa na jukwaa, na vikaratasi vilivyotupwa usiku milangoni, na minong'ono ya sokoni. Vilitosha. Basi mwenye kusema leo kwamba maradhi haya yameletwa na simu amekosea. Simu imeyapa miguu ya kwenda mbio, lakini hayakuzaliwa ndani yake.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, serikali ilipiga marufuku siku ile ile matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, ikidai kwamba yataka kuzuia fitina. Lakini watu hawakuacha kutaka khabari kwa sababu redio imenyamazishwa. Waliitafuta kwingine, katika ujumbe mfupi wa simu na katika vinywa vya wapita njia, na huko waliyoyapata ni mabaya zaidi. Kunyamaza kwa mwenye khabari ya kweli ni mbolea ya uzushi.

Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika fujo zile, na wengi wao walikuwa wa Bonde la Ufa. Waliohamishwa makwao walizidi laki tatu. Tume hiyo ilivitaja vikaratasi, na ujumbe wa simu, na baadhi ya redio za lugha za kikabila kuwa miongoni mwa vilivyochochea. Katika mashamba ya chai ya Kericho, wafanyakazi wa makabila mengine walishambuliwa makambini mwao kwa kudhaniwa kuwa ni wafuasi wa upande wa pili. Watu 218 katika hao walipeleka mashtaka yao mpaka London kuidai kampuni iliyowaajiri, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya huko iliyakataa, ikisema kwamba kampuni mama haikuwa na dhamana hiyo juu yao. Mchuma chai hakuwa ameandika kikaratasi, wala hakuhesabu kura, lakini yeye ndiye aliyelipa.

Na sasa ukitazame kisa kimoja, nacho ndicho kiini cha somo letu. Tarehe 31 Januari 2008, David Kimutai Too, mbunge wa Ainamoi katika Kericho, alipigwa risasi mjini Eldoret na polisi wa barabarani, akafa yeye na mwanamke polisi aliyekuwa naye. Siku mbili kabla yake mbunge mwingine wa chama chake, Mugabe Were, alikuwa ameuawa Nairobi. Wakubwa wa polisi wakasema kifo cha Too ni ugomvi wa mambo ya mapenzi. Wakubwa wa chama wakasema ni njama ya kuwamaliza wabunge wao. Hapa pana mambo matatu. Kifo kilikuwa kweli. Aliyeua alijulikana. Sababu ya kuua ndiyo iliyokuwa bado haijathibiti, na ilihitaji hakimu na mashahidi na siku. Lakini khabari ilipofika Kericho haikufika hali ya kuwa swali, ilifika hali ya kuwa hukumu iliyokwisha katwa. Na kwa kuwa polisi yule alikuwa mtu wa Kisii, hukumu ile ikapitishwa juu ya Wakisii wote. Nyumba zikachomwa, na mpaka wa Sotik na Borabu, ambako Wakipsigis na Wakisii wapakana shamba kwa shamba, ukawaka. Watu wasiomjua polisi yule kwa jina wala kwa sura waliadhibiwa kwa risasi aliyoipiga yeye.

Hatusemi haya kuwatia ila Wakipsigis. Miongoni mwao wako waliowaficha jirani zao majumbani mwao huku wakihatirisha roho zao wenyewe. Twasema haya kuonyesha kwamba umbali ulioko baina ya khabari ya kweli na fitina waweza kuwa ni neno moja tu, nalo ni "kwa sababu".

SHEIKH ALIYEULIZWA SANADI

Hapa yanilazimu kuyasema yangu mwenyewe, maana mwalimu anayewaonya watu na kosa lake akalifunika hana insafu.

Mwezi wa Agosti 2022, katika zile siku sita za kungojea matokeo, nililetewa sauti katika simu. Msemaji alikuwa akihema, akisema yuko Kericho, na kwamba basi la wafanyakazi wa chai limechomwa moto na watu wamo ndani. Aliyeniletea ni mtu mzima ninayemheshimu. Moyo uliniruka, na bila ya kufikiri nikaipeleka kwa wanafunzi wangu wote, nikaongeza: "Tuwaombee dua ndugu zetu." Haikupita nusu saa kijana mmoja akaniandikia, kwa adabu: "Sheikh wangu, samahani. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba hadithi isiyo na sanadi haichukuliwi. Hii sanadi yake iko wapi?"

Wallahi, nilitahayari. Kumbe kijana yule alikwisha mpigia ndugu yake afanyaye kazi Kericho, akaambiwa kwamba soko li wazi, mabasi yapita, na hapana aliyesikia jambo kama hilo. Nami nikamwuliza aliyeniletea: umepata wapi? Akasema kwa fulani. Fulani akasema kwenye kundi. Na kundi lina watu mia mbili, na hapana katika hao aijuaye sauti ile ni ya nani. Ilikuwa khabari isiyo na mwenyewe, na mimi, mwenye kusomesha elimu ya hadithi, niliipa jina langu ikawa na mwenyewe. Waliosita kuiamini waliiamini kwa kuwa imetoka kwa Sheikh. Hilo ndilo kosa, wala dua niliyoiongeza haikulipunguza, ililipamba tu.

MASHARTI MATANO YA KHABARI

Amri ya kuichungua khabari kabla ya kuitenda imo katika Sura ya Al-Hujurat, na kila aliyekaa chuoni aijua, hatuna haja ya kuirefusha. Tutakalo ni kuonyesha kwamba wanavyuoni wetu walikwisha tengeneza mizani ya kupimia khabari, nao waliitengeneza katika zama ambazo uzushi ulizidi kwa sababu ya siasa. Baada ya fitina zilizowagawa Waislamu wa mwanzo, kila kundi lilipata watu wa kulizulia maneno. Wanavyuoni hawakusema "tuache kupokea khabari", wala hawakusema "tupokee zote". Waliweka masharti, na khabari sahihi kwao ni ile iliyotimiza matano. Hebu tuyatie katika khabari za uchaguzi.

La kwanza ni kuungana kwa sanadi. Nani kakwambia, na yeye kaambiwa na nani, mpaka kwa aliyeona kwa macho yake? Pete moja ikikosekana mnyororo umekatika. Maneno "imeletwa kama ilivyopokewa" ni ungamo la kukatika kwake. Kikaratasi kilichotupwa mlangoni usiku hakina sanadi kabisa. Mwandishi wake amejificha kwa makusudi, na anayejificha na maneno yake mwenyewe akuambia kwamba hayaamini.

La pili ni uadilifu wa msemaji. Je, ni mtu anayejulikana kwa ukweli, na ana faida gani katika khabari hii? Mwaka 2018 wakubwa wa kampuni ya Kiingereza, Cambridge Analytica, walinaswa na kamera iliyofichwa wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za urais za Kenya za 2013 na 2017. Waliwaeleza wateja kwamba uchaguzi haushindwi kwa hoja bali kwa kugusa khofu na matumaini ya watu. Basi ukiletewa khabari ikakutia khofu ghafla, jiulize kwanza: khofu yangu hii yamfaa nani?

La tatu ni dhabti, yaani uhodari wa kuhifadhi na kufikisha bila kugeuza. Msemaji aweza kuwa mkweli na bado akakosea. Aliyeona moshi husema moto, wa pili husema nyumba, wa tatu husema msikiti. Hapana mwongo kati yao, na khabari imekuwa uwongo.

La nne ni kutopingana na waaminifu wengi. Khabari ya mtu mmoja ikiwa yapingana na ya walio wengi na wenye yakini zaidi, huachwa. Kama basi limechomwa Kericho mchana, je, mji mzima hauna mtu mwingine aliyeliona?

La tano ni kusalimika na ila iliyofichika. Hili ndilo gumu, na wanavyuoni walisema haliwezi ila bingwa. Sura ya khabari yaonekana nzima, na ndani mna kasoro. Mfano wake ni picha ya kweli ya moto wa kweli, lakini ni ya mwaka mwingine au nchi nyingine. Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi wa Agosti, zilisambazwa video mbili zilizotengenezwa zifanane na matangazo ya BBC na CNN, zikitoa kura ya maoni kuhusu nani anaongoza. Na mashirika yote mawili yakakana kwamba si zao. Alama ilikuwa ya kweli, na maneno ya kubuni. Na siku hizi mashine zaweza kuiga sauti ya mtu na uso wake mpaka mkewe akadanganyika. Kwa hivyo jicho na sikio peke yake si ushahidi tena. Tunarudishwa pale pale pa kwanza, kwenye sanadi: nani kaitoa, wapi, lini?

Watu wetu wana msemo, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Msemo huu wafaa mahali pake, lakini wakati wa uchaguzi ni sumu. Lisemwalo huenda halipo kabisa, na likija, limeletwa na walioendelea kulisema.

KURA NAYO INA SANADI

Pengine msomaji atasema: "Masharti haya ni ya khabari za mitaani. Matokeo ya kura je? Tutajuaje sisi kama tumeibiwa au hatukuibiwa?"

Jawabu ni kwamba hesabu ya kura nayo ni khabari, na ina sanadi yake. Kura huhesabiwa kituoni, mbele ya mawakala wa vyama, na matokeo huandikwa katika fomu inayoitwa 34A, ikatiwa sahihi, na nakala yake hubandikwa pale pale kituoni kila apitaye aisome. Fomu za vituo hukusanywa katika 34B ya jimbo la ubunge, na za majimbo katika 34C ya taifa. Pete tatu za mnyororo. Pete ya kwanza ndiyo ya walioona kwa macho.

Mwaka 2007 mnyororo huu ulikuwa na kutu. Tume ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini iliona kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na majina kama milioni moja na laki mbili ya watu waliokwisha kufa, na kwamba kasoro za kuhesabu, kujumlisha na kupeleka matokeo zilikuwa nyingi hata haiwezekani kujua kwa yakini nani alishinda urais. Ndiyo kusema, waliouana wakiapa kwamba fulani ameshinda, na waliouana wakiapa kwamba ameshinda mwenziwe, wote walikuwa wakiapia jambo lisilojulikana. Sijui msiba ulio mkubwa kuliko huo.

Mwaka 2017 sanadi ilidaiwa mahakamani. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa urais, na miongoni mwa sababu zake ni namna matokeo yalivyopelekwa, kwani yalitangazwa kabla fomu zote za vituo hazijapokewa. Mwaka 2022 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikafanya jambo jema: iliziweka fomu za vituo 46,229 katika intaneti, kila mwenye simu azisome na kuzijumlisha mwenyewe. Hata hivyo fitina haikukosa mlango. Vyombo vya khabari vilianza kujumlisha kila kimoja kwa mpango wake, na kwa siku mbili hivi takwimu zao zilitofautiana, watu wakapiga kelele: "Wizi!" Na huenda usiwe wizi. Ukichukua fomu za Bomet kwanza na mwenzio akaanza na za Kisumu, hesabu zenu hazilingani mpaka mfike mwisho, na fomu zote ni za kweli. Baadaye makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, kesi ikaenda, na Mahakama ya Juu ikachungua. Tarehe 5 Septemba 2022 iliyathibitisha matokeo, na ikasema kwamba fomu zilizodaiwa kubadilishwa hazikupatikana kutofautiana na asili zake.

Mtu aweza kuipenda hukumu ile au kuichukia. Lakini linganisha. Mwaka 2007 mahakama haikuaminiwa na karatasi hazikuonekana, na watu wakatoka na mapanga. Mwaka 2022 karatasi zilionekana na kila mmoja, na ugomvi ukamalizwa kwa mawakili. Tofauti yake ni sanadi.

TURUDI KWETU

Sasa turudi nyumbani. Mwezi wa Agosti 1997, Likoni, vikaratasi vilitangulia na mapanga yakafuata. Waliolengwa ni watu wa bara, na msingi wa uchochezi ule ulikuwa ni kweli tupu: kwamba watu wa Pwani wamenyimwa ardhi na kazi. Ni ile ile kweli ya Kericho, na neno lile lile moja la uwongo lililoongezwa: "Aliyekudhulumu ni huyu jirani yako." Watu takriban mia moja walikufa, na maelfu kwa maelfu wakahama, na ardhi hatukurudishiwa hata pima moja.

Mwezi wa Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Humo mna "madoadoa", neno lililotumika Bonde la Ufa kwa jirani wa kabila jingine. Na humo mna letu pia: "Wabara waende kwao." Ni mara ngapi neno hili limesemwa barazani petu, juu ya kahawa, na sisi tumecheka? Anayelisema kwa mzaha mwezi wa Mei humwandalia njia atakayelisema kwa dhati mwezi wa Agosti.

Sheria ipo. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 yaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa mwenye kutoa maneno ya chuki ya kikabila. Lakini sheria huja baada ya moto, na kuthibitisha ni kazi ngumu. Mtangazaji wa redio ya Kikalenjin, Joshua arap Sang, alishtakiwa The Hague kwa mambo ya 2007, na tarehe 5 Aprili 2016 Mahakama ilikomesha kesi yake kwa kuwa ushahidi wa mashtaka haukutosha. Na hilo pia ni somo: hata khabari ya kwamba fulani ni mchochezi yahitaji sanadi.

Basi wasia wetu kwa kijana aliyeuliza, na kwa kila msomaji, ni huu. Usipeleke mbele khabari usiyomjua mwenyewe. Ukiijua kuwa ni ya kweli, jiulize tena kama sababu inayotajwa nayo imethibiti. Kama haikuthibiti, ipeleke khabari na uiache sababu. Siku ya kura, ukitaka yakini, nenda ukaisome fomu iliyobandikwa kituoni mwako, uiandike, kisha uilinganishe na ile iliyotolewa na Tume. Ukifanya hivyo wewe, na wa mtaa wa pili akafanya, hapana mzushi atakayewacheza. Mwenye kukaa juu ya mimbari au juu ya kiti cha baraza ajue kwamba neno lake lina uzito maradufu. Na mwenye kukosea, kama nilivyokosea mimi, arudi kwa wale wale aliowapelekea, kwa majina yao, awaambie: "Niliyowaletea si kweli." Kuifuta peke yake haitoshi, ukiufuta uwongo katika simu yako haufutiki vifuani mwa watu.

Mimi nilifanya hivyo usiku ule wa Agosti 2022. Niliwaandikia wanafunzi wangu mmoja mmoja, na kazi ile ilinichukua mpaka karibu na alfajiri, ilhali kuipeleka kulikuwa ni kubonyeza mara moja tu. Hapo ndipo nilipoijua bei ya khabari isiyo na mwenyewe.

Na huko Kericho, wachumaji watatoka asubuhi ya uchaguzi na vikapu mgongoni, Mkipsigis na Mkisii na Mjaluo katika mstari mmoja wa chai. Usalama wao jioni ile umo mikononi mwa watu wasiowajua, walioketi mbali na simu zao. Mmoja katika watu hao ni wewe, msomaji. Mungu atupe ulimi wa kweli na mkono mzito wa kusambaza.